Enrico Caruso: Kilio cha mchekeshaji kilichonaswa katika santuri

Na MWANDISHI WETU

NI nadra, katika historia ya opera, kupata wimbo mfupi uliobeba uchungu mwingi kama ule wa mchekeshaji Canio, anayejipaka unga usoni ili awachekeshe watu ilhali moyo wake umejaa majonzi.

Ni nadra zaidi kumpata mwimbaji ambaye jina lake limefungamana na wimbo huo kama Enrico Caruso, mwana wa fundi wa mitambo kutoka mji wa Naples, Italia, aliyeaga dunia Agosti 2, 1921 akiwa na umri wa miaka 48.

Zaidi ya karne moja imepita tangu azikwe, lakini sauti yake ingali inasikika kutokana na santuri alizorekodi kati ya mwaka 1902 na 1920.

Hata hivyo, santuri hizo zimeacha fumbo ambalo wapenzi wa muziki wamelijadili kwa miaka mingi. Fumbo lenyewe ni hili: je, mwendo, ufunguo na huzuni tunayoisikia leo ndiyo aliyoitoa Caruso kinywani mwake, au ni mtambo tu unaotuhadaa?

Ili kulifumbua fumbo hilo, hatuna budi kwanza kuyafahamu maisha ya mtu huyu.

Maisha ya awali

Caruso alizaliwa Februari 25, 1873 mjini Naples katika familia maskini. Babake, Marcellino, alikuwa fundi wa mitambo, naye mamake, Anna, alikuwa mwanamke aliyesumbuliwa na maradhi mara kwa mara.

Tangu utotoni alijiunga na kwaya ya kanisa, na sauti yake ikaanza kuwavutia waumini. Babake alitaka ajifunze ufundi na kuachana na mambo ya nyimbo, lakini mamake ndiye aliyemtia moyo.

Mama huyo alifariki mwaka wa 1888, kijana akiwa na umri wa miaka 15. Huo ulikuwa msiba wa kwanza mkubwa maishani mwake, na haukuwa wa mwisho.

Mchana alifanya kazi za mikono, na jioni akaimba katika mikahawa na mitaani ili kupata hela chache. Mwaka wa 1891 alipata nafasi ya kufunzwa na mwalimu wa uimbaji, Guglielmo Vergine, ambaye mwanzoni hakuvutiwa kabisa na sauti ya kijana huyo. Aliiona nyembamba mno, isiyo na nguvu.

Hata hivyo, Vergine hakuwa mjinga. Alimfanya kijana huyo atie sahihi mkataba wa kumlipa asilimia 25 ya mapato yake kwa miaka mitano ya kuimba. Hila ilikuwa katika neno kuimba, kwa kuwa zilihesabiwa tu siku ambazo Caruso angekuwa jukwaani. Kwa hesabu hiyo, miaka mitano ingeweza kuwa maisha yake yote. Mzozo huo hatimaye ulimalizika kwa Caruso kumlipa mwalimu wake donge la fedha.

Mwaka wa 1894 aliitwa jeshini, lakini hakudumu huko. Baada ya siku zipatazo 45, nduguye Giovanni alikubali kushika nafasi yake ili kijana aendelee na masomo ya muziki. Kama si moyo huo wa undugu, huenda dunia isingemjua Caruso.

Alipanda jukwaa la opera kwa mara ya kwanza Machi 15, 1895 katika ukumbi wa Teatro Nuovo, Naples. Umaskini wake wakati huo unadhihirika katika picha mojawapo ya zile alizopigwa mapema, ambamo amejifunga shuka ya kitandani mabegani kama vazi la kifahari. Sababu ni kwamba shati lake la pekee la heshima lilikuwa limefuliwa na halijakauka.

Sauti iliyovunjika

Wengi humfikiria Caruso kuwa mtu aliyezaliwa na sauti iliyokamilika. Sivyo. Katika miaka yake ya kwanza, sauti yake ilikuwa ikivunjika mara kwa mara kila alipojaribu kufikia noti za juu.

Sauti yake ilikuwa ya tenori, yaani ile ya juu ya wanaume, lakini ilikuwa na weusi na uzito ulioikaribia sauti ya chini ya baritoni. Weusi huo, ambao baadaye ulimpa sifa kote duniani, ndio uliomfanya ahangaike na noti za juu.

Kiongozi wa okestra, Vincenzo Lombardi, alimsaidia kuidhibiti pumzi yake hadi noti hizo zikatulia. Hata hivyo, pale ilipobidi, Caruso hakuona haya kuomba wimbo ushushwe nusu toni ili uafikiane na koo lake. Mtunzi Giacomo Puccini mwenyewe alimruhusu afanye hivyo katika wimbo maarufu wa opera ya La bohème.

Msomaji na alikumbuke jambo hili la kushusha wimbo, kwa sababu tutalirudia.

Kufikia Novemba 1898 alikuwa tayari ameshiriki katika onyesho la kwanza la opera ya Fedora mjini Milan, na Desemba 1900 akaimba kwa mara ya kwanza katika ukumbi mashuhuri wa La Scala.

Waswahili husema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Kwa Caruso methali hii iligeuka. Desemba 1901 alirejea Naples kwa fahari kuimba katika ukumbi wa San Carlo, lakini wenyeji wake wakampokea kwa ubaridi, na wakosoaji hawakumsaza. Kwa uchungu, aliapa kuwa hataimba tena katika mji huo, na kwamba atakaporudi itakuwa ni kula tu vyakula vya kwao. Kiapo hicho alikitimiza hadi kifo chake.

Chumba cha hoteli mjini Milan

Aprili 11, 1902 ndiyo siku iliyoyabadilisha maisha ya Caruso, na pengine historia nzima ya biashara ya muziki.

Fred Gaisberg, mjumbe wa kampuni ya Gramophone ya Uingereza, alikuwa amemsikia mjini Milan na akataka kumrekodi. Caruso alidai pauni 100 kwa nyimbo 10, zote ziimbwe katika kikao kimoja. Wakubwa wa kampuni hiyo jijini London walituma simu ya maandishi kukataa, wakisema kiasi hicho ni kikubwa kupita kiasi.

Gaisberg aliipuuza amri hiyo. Mitambo ilipangwa katika chumba cha Grand Hotel, hoteli ile ile ambamo mtunzi mkuu Giuseppe Verdi alikuwa amefariki mwaka mmoja uliotangulia. Caruso aliingia, akaimba nyimbo zake 10 akisindikizwa na piano, akachukua fedha zake na kwenda zake.

Santuri hizo ziliiletea kampuni faida kubwa mara nyingi kuliko zile pauni 100. Aidha, zilimfungulia Caruso milango ya ughaibuni. Mei mwaka huo aliimba katika ukumbi wa Covent Garden jijini London, na Novemba 23, 1903 akaanza kuimba katika ukumbi wa Metropolitan jijini New York, ambako angepanda jukwaani zaidi ya mara 800.

Mchekeshaji Canio

Opera ya Pagliacci ilitungwa na Ruggero Leoncavallo na ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Milan, Mei 21, 1892. Inamhusu Canio, kiongozi wa kundi la waigizaji wanaozunguka vijijini kuwachekesha watu.

Mkewe, Nedda, ana mpenzi wa siri. Canio anaugundua usaliti huo muda mfupi tu kabla ya onyesho. Watu wamekwisha kulipa viingilio na wanangoja kuchekeshwa. Hana budi kuvaa joho la mchekeshaji na kuupaka uso wake unga mweupe. Hapo ndipo anapouimba wimbo wa Vesti la giubba.

Mtunzi aliuandika wimbo huo katika ufunguo wa E maina. Ufunguo, kama wajuavyo walimu wa kwaya, ni ile sauti-mama ambayo wimbo huitegemea na kurejea kwayo. Funguo za aina ya maina kwa kawaida huleta hisia ya huzuni, na mtunzi alitaka huzuni hiyo isikike bila ya kificho.

Mwendo alioupanga ni wa taratibu, ule ambao wanamuziki wa Italia huuita adagio. Hata hivyo, haukusudiwi kwenda kama saa ya ukutani. Mwimbaji hutarajiwa kuvuta hapa na kusukuma pale, mithili ya mtu anayejaribu kuyazuia machozi lakini yanamshinda.

Wimbo huo hupanda hatua kwa hatua hadi kwenye noti ya juu ya A, pale ambapo Canio anajiamuru kucheka. Kwa tenori aliyekomaa, noti hiyo si ya kutisha. Ugumu wake ni kwamba sharti itolewe kwa sauti pana na yenye uchungu, kisha iteremke pole pole bila ya kukatika pumzi. Baada ya mwimbaji kunyamaza, okestra hubaki ikiomboleza peke yake.

Caruso aliurekodi wimbo huu mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Milan mwaka wa 1902, ya pili New York Februari 1904, zote mbili kwa piano. Ya tatu ilikuwa Machi 1907, safari hii akisindikizwa na okestra. Santuri zake za wimbo huu hutajwa kuwa miongoni mwa za kwanza duniani kuuzwa nakala milioni moja.

Tofauti kati yake inasikika. Katika ile ya kwanza anasikika kijana mwenye sauti nyepesi inayong'aa. Katika ya tatu sauti imenenepa na kukolea giza, na kwikwi ya kilio inayosikika humo ilikuja kuigwa na waimbaji wengi waliomfuata, wengine wakipita kiasi.

Sehemu ya tofauti hiyo ni umri na tajriba. Sehemu nyingine ni mtambo. Santuri ya inchi 10 ilibeba takriban dakika tatu tu za muziki, na mwimbaji alilazimika kuumaliza wimbo kabla ya sindano kufika ukingoni. Ile ya mwaka 1907 ilikuwa ya inchi 12, na kwa hivyo ilimpa nafasi ya kupumua.

Fumbo la mizunguko 78

Katika enzi hiyo hapakuwa na maikrofoni. Caruso alisimama mbele ya pembe kubwa iliyofanana na tarumbeta, akaimba ndani yake. Nguvu ya sauti yake pekee ndiyo iliyoitikisa sindano, nayo ikachora mifereji kwenye nta.

Pembe hiyo ilizimeza sauti nyingi. Fidla hazikusikika vyema, na mara nyingi sehemu ya ala za nyuzi za chini ilichukuliwa na tarumbeta kubwa. Sauti za wanawake nazo zilitoka nyembamba. Sauti nzito ya Caruso, ile iliyomsumbua ujanani, ndiyo iliyopatana na pembe hiyo kuliko zote.

Tatizo lilikuwa kasi. Baadaye mashine za kuchezea santuri zilikubaliana kuhusu mizunguko 78 kwa dakika, lakini mafundi wa miaka ile ya mwanzo hawakuifuata kanuni moja. Santuri moja ingeweza kurekodiwa kwa mizunguko 72, nyingine 76 na nyingine zaidi ya hapo.

Hebu tupige hesabu. Santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 74 ikichezwa kwa 78, kasi yake huongezeka kwa zaidi ya asilimia tano. Wimbo wa dakika tatu hupungukiwa na takriban sekunde tisa. Vilevile kila noti hupanda kwa karibu nusu toni, hivi kwamba wimbo wa E maina husikika kana kwamba uko katika F maina.

Madhara hayaishii hapo. Sauti nzito hugeuka kuwa nyepesi, mtetemo wake huenda mbio, na huzuni ya mtu mzima huanza kufanana na pupa ya kijana. Kwa maneno mengine, mwendo, ufunguo na hisia si mambo matatu tofauti katika santuri ya zamani. Kimoja kikiguswa, vyote hutikisika.

Msomaji anaweza kusema kuwa dawa ni rahisi. Kwa kuwa inajulikana mtunzi aliandika E maina, basi kasi ipunguzwe hadi ufunguo huo upatikane. Lakini hapa ndipo lile jambo la kushusha wimbo linapojitokeza. Ikiwa mwimbaji mwenyewe alishusha wimbo wake nusu toni, kuulazimisha urudi kwenye ufunguo wa kitabuni ni kumpa sauti ambayo hakuwa nayo siku hiyo.

Isitoshe, kipimo chenyewe cha noti hakikuwa kimoja. Ufaransa iliweka noti ya A kuwa mitetemo 435 kwa sekunde mwaka wa 1859, ilhali kipimo cha 440 kilikubaliwa kimataifa mwaka wa 1939, Caruso akiwa kaburini kwa miaka 18.

Ndiyo sababu wataalamu wanaozisafisha santuri hizi hawategemei kitabu cha muziki peke yake. Husikiliza piano, hulinganisha nyimbo zilizorekodiwa siku moja, na huupima mtetemo wa sauti hadi usikike kama wa binadamu. Mwaka wa 1976, mhandisi Mmarekani Thomas Stockham alitumia kompyuta kuondoa mwangwi wa pembe katika santuri za Caruso. Hiyo ilikuwa mojawapo ya kazi za kwanza za aina hiyo duniani.

Katika wimbo wa Canio, kazi hiyo ina malipo yake. Noti ya A ambayo Caruso anaitoa hapo iko mahali ambapo sauti yake ilikuwa na nguvu zaidi, na hakuwa na haja ya kukimbilia ufunguo wa chini. Kasi ikishatulizwa, kilio kinarudi kuwa cha mtu mzima aliyesalitiwa.

Unga usoni

Nje ya jukwaa, Caruso alikuwa mtu wa mzaha. Alipenda kuchora vibonzo, vikiwemo vya kujikejeli mwenyewe, na vilichapishwa katika gazeti la Kiitaliano jijini New York.

Hata hivyo, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa miaka mingi aliishi na mwimbaji Ada Giachetti, aliyemzalia wana wawili, Rodolfo na Enrico. Mwaka wa 1908, Ada alimwacha na kwenda na dereva wa familia. Mambo hayo yaliishia mahakamani nchini Italia, na magazeti yakayaanika yote.

Canio wa jukwaani alikuwa amemfuata Caruso nyumbani. Naye, kama Canio, hakuacha kazi. Januari 13, 1910, mvumbuzi Lee de Forest alipojaribu kurusha opera kwa redio kutoka Metropolitan, Caruso ndiye aliyekuwa akiimba dhima ya Canio. Watu wachache waliokuwa na vifaa vya kunasa mawimbi hayo walisikia kilio chake kikipita hewani.

Mwaka wa 1918 alimuoa Dorothy Benjamin, Mmarekani, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti, Gloria. Ilionekana kana kwamba furaha imempata hatimaye.

Mnamo Desemba 1920 mambo yalibadilika. Nguzo ya jukwaani ilimwangukia mgongoni akiigiza Samson. Siku chache baadaye aliigiza Canio huku ubavu ukimuuma. Desemba 11, akiwa Brooklyn, damu ilimtoka kooni mbele ya hadhira, lakini aliendelea kuimba huku akipokezwa vitambaa vya kujipangusia hadi sehemu ya kwanza ilipomalizika, ndipo onyesho likasitishwa.

Mkesha wa Krismasi mwaka huo aliimba kwa mara ya mwisho katika Metropolitan. Kesho yake maumivu yalimzidi, na madaktari wakagundua usaha uliokuwa umejaa kifuani. Alipasuliwa mara kadhaa. Mei 1921 alirudi Italia kujiuguza, na Agosti 2 akafariki katika hoteli moja mjini Naples, mji ule ule alioapa kutouimbia.

Naples, iliyompokea kwa ubaridi akiwa hai, ilimwaga watu barabarani kumsindikiza akiwa maiti.

Alichotuachia

Caruso alifariki miaka minne kabla ya maikrofoni kuanza kutumiwa katika kurekodi mwaka wa 1925. Siti binti Saad wa Zanzibar alipokwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi taarabu chini ya kampuni hiyo hiyo ya Gramophone iliyomrekodi Caruso mwanzoni, teknolojia hiyo mpya ilikuwa tayari imeenea. Caruso hakuionja kamwe. Alichokuwa nacho ni pembe, nta na mapafu yake.

Kwa hivyo, anayeisikiliza santuri yake leo hana budi kufanya subira. Asiridhike na nakala ya kwanza itakayomfikia, kwa kuwa nyingine zimekimbizwa hadi mchekeshaji akawa mwepesi kupita alivyokuwa. Na atafute ile iliyotulizwa, ambayo sauti inapanda bila ya pupa na kushuka bila ya haraka.

Akiipata, atamsikia mtu aliyefiwa na mama mapema, aliyekataliwa na mji wake, aliyeachwa na mwenziwe, na ambaye bado alijipaka unga usoni na kupanda jukwaani kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kulipa.